Kiwavi Mmoja na Mlima Mzima: Kamera Katika Nchi ya Elgon

Karani akihamishwa kwenda Kitale, naye ana kamera au simu yenye kamera nzuri, picha yake ya kwanza yajulikana kabla hajaipiga. Ataamka mapema siku ya Jumapili, atatoka nje ya mji mahali pasipo na nyumba, naye ataupiga picha Mlima Elgon kabla mawingu hayajaufunika. Ataichagua lenzi pana, kwa kuwa mlima ni mpana, na akili yamwambia ya kwamba kitu kipana chataka lenzi pana. Jioni akiwaonyesha wenzake, wataona mbingu kubwa, majani mengi, na katikati mstari mwembamba wa buluu. Watauliza kwa adabu, "Na mlima uko wapi?"

Kosa hilo si la kamera. Elgon ni mlima wa namna ya peke yake. Kitako chake chapata kilomita 80 kwa upana, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Lakini haukusimama kama Kilimanjaro, bali umelala juu ya nchi kama ng'ombe aliyeshiba. Mtu aliyesimama Kitale yuko juu tayari, mita kama 1,900 toka usawa wa bahari, na vilele viko mbali naye kilomita kama 50. Kwa hiyo machoni pake mlima haukuinuka hata digrii 3. Sasa lenzi pana ya milimita 28, katika kamera itumiayo filamu ya milimita 35, huona digrii 46 toka chini hata juu. Asiyependa hesabu na atazame matokeo yake: katika picha iliyochapwa yenye kimo cha sentimita 10, Elgon yote hupata nusu sentimita hivi. Ile lenzi ya simu iliyoandikwa 0.5, ambayo ni pana kupita hiyo, huupunguza tena karibu nusu yake.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakarudia kupiga picha za jamaa zao waliosimama mbele ya gari. Ingalikuwa vema kama wangaliuliza kwanza lenzi pana ni ya kazi gani. Lenzi ya kawaida, yaani ya milimita 50, huona pembe ya digrii 47 hivi toka kona hata kona. Ya milimita 28 huona digrii 75. Na ile ya simu yapata digrii 120. Yaingiza mengi, hapana shaka, lakini kadiri inavyoingiza mengi ndivyo kila kimoja kinavyopata nafasi ndogo. Vitu vya mbali huvisukuma mbali zaidi, na vya karibu huvikuza kupita kiasi. Basi haifai kupigia kitu cha mbali ila kiwepo kitu cha karibu mbele yake. Karani yule arudi Jumapili ya pili, achuchumae hatua moja tu kutoka lango la shamba la mahindi, ndipo atakapoona tofauti. Lango litakuwa kubwa hata mbao zake zaweza kuhesabiwa. Mistari ya mahindi itatoka langoni ikikimbia kuelekea upeo wa macho. Na mlima utakuwa pale mwisho wa mistari. Utakuwa mdogo vile vile, lakini sasa jicho lina njia ya kuuendea. Akitaka mlima wenyewe uwe mkubwa, aiweke kando lenzi pana na kutumia lenzi ndefu, ya milimita 100 au 135.

Lenzi pana ina ukarimu mmoja ambao lenzi nyingine hazina: haimsumbui mtu sana kwa kupima umbali. Mwenye kamera ya filamu na lenzi ya milimita 28 akifunga tundu la mwanga hata namba 8, kisha akaiweka lenzi katika umbali wa mita 3.3, kila kitu toka mita 1.7 hata mwisho wa dunia kitatoka wazi, naye hana haja ya kuigusa lenzi tena siku nzima. Lakini ina ubaya wake pia, nao huonekana hasa katika picha za arusi. Mpiga picha akiona watu ni wengi na nyuma yake pana ukuta, hutumia lenzi pana ili wote waingie. Kumbe lenzi hii huvuta vitu vilivyo pembeni mwa picha. Bwana na bibi arusi, walio katikati, hutoka vizuri. Mjomba aliyesimama mwisho wa mstari hutoka na kichwa kama boga, wala hasahau jambo hilo upesi. Dawa ni kurudi nyuma ikiwezekana, au kuwapanga watu katika mistari mitatu na kuacha nafasi pande zote mbili. Tena kamera isiinamishwe wala kuinuliwa, maana nyumba na miti vitaonekana vinataka kuanguka.

Barabara itokayo Kitale, ikapitia Kiminini na Kamukuywa hata kufika Webuye, na kutoka hapo kwenda Bungoma, ni shule ya kutosha kwa mtu anayejifunza lenzi hii. Pale Webuye pana maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia, ambayo wakati wa Wazungu yaliitwa Broderick Falls. Mtu akisimama mbali nayo, hupata picha ya maji meupe kama picha nyingine elfu za maporomoko. Akikaribia miamba ya chini na kuweka jiwe moja lenye maji mbele ya lenzi, sauti ya maji yakaribia kusikika katika picha. Asisahau kitambaa kikavu, kwa kuwa manyunyu hukaa juu ya lenzi bila kuonekana, na picha zote hutoka na madoa. Juu ya mji huo uko mlima wa Chetambe, ambapo Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Juu yake nchi ya Bungoma yaonekana imetandikwa kama mkeka. Na huko pia haifai kupiga nchi tupu. Mwamba wa ukingoni uwe ndani ya picha, ili mtazamaji ajue aliposimama mwenye kamera, na labda afikiri kidogo juu ya waliosimama hapo kabla yake.

Katika Bungoma lenzi pana ina majaribu mengine. Kila mwaka wa namba shufwa, mwezi wa Agosti, Wabukusu huwatahiri vijana wao, na alfajiri kijana hurudi kutoka mtoni amepakwa matope mwili mzima, akifuatwa na umati wa watu waimbao. Kamera ikipenda kitu duniani, hupenda jambo la namna hiyo. Nayo lenzi pana, kwa kuwa yataka ukaribu, humvuta mwenyewe hata akajikuta katikati ya watu, hatua mbili kutoka uso wa kijana. Hapo ndipo yapasa adabu itangulie. Mgeni na aende kwa wazee wa nyumba hiyo jioni ya siku iliyotangulia, aeleze ni nani na anataka nini, na akiambiwa kwamba sehemu fulani haipigwi picha, aifunge kamera yake bila kubishana. Wako watu wanaodhani ya kuwa kila kitu kilicho wazi barabarani ni mali ya mwenye simu. Si hivyo, na kijana aliyepigwa picha siku ya mtihani wake mkubwa huenda asipende kuiona mikononi mwa watu asiowajua.

Mahali pengine ambapo lenzi ya kawaida hushindwa kabisa ni mapango ya Elgon, yaliyo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968. Mashuhuri kuliko yote ni pango la Kitum, liingialo mlimani kiasi cha mita 200. Tembo wamekuwa wakiingia humo usiku, katika giza tupu, wakichimba kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Mwingereza mmoja mtaalamu wa wanyama, Ian Redmond, aliwachunguza tembo hao tangu miaka ya 1980, na picha zake ziliwaonyesha watu wa mbali jambo ambalo wenyeji wa mlimani walilijua siku zote. Mdomo wa pango wapigika vizuri kwa lenzi pana kutoka ndani, weusi wa mwamba ukiwa kama fremu na mwanga wa mchana ukiwa nje. Lakini tahadhari ni lazima. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987 wageni waliokuwa wameingia Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa, na popo walao matunda wakaao mapangoni wajulikana kuwa hubeba virusi vya ugonjwa huo. Apendaye picha asitangulie askari wa hifadhi, asiguse kinyesi cha popo, wala asione aibu kubaki mdomoni mwa pango. Picha nzuri iko pale mdomoni.

Hayo ni ya lenzi pana. Upande wa pili wa kazi hii ya mapumziko hauhitaji nauli wala ruhusa ya mtu, maana hufanyika katika bustani ya jikoni: ni kupiga picha vitu vidogo kwa karibu sana. Mtu ambaye jina lake halikosi kutajwa katika habari hii alikuwa mkulima. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani, ambako theluji huanguka miezi mingi. Mama yake alimpa hadubini alipokuwa kijana wa miaka 15; naye akaanza kuchora chembe za theluji, lakini ziliyeyuka kabla hajamaliza kuchora. Baadaye wazazi wake walimpatia kamera, akaiunga na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa hajatimiza miaka 20, akafaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji. Alifanya kazi hiyo katika kibanda kisicho na moto, akizuia pumzi yake isije ikayeyusha alichokuwa akikitazama, na kuzisogeza chembe kwa unyoya. Mchana alikamua ng'ombe kama jirani zake, nao walimwona mtu wa ajabu. Alipokufa mwezi wa Desemba mwaka 1931 alikuwa amepiga chembe zaidi ya 5,000, na mwaka huo huo kitabu chenye picha zake zaidi ya 2,400 kilitolewa. Chuo hakumaliza chochote. Alikuwa na saburi na kibanda chenye baridi.

Saburi yatakiwa kwa sababu kupiga kwa karibu kuna sheria ngumu. Kamera za kisanduku walizokuwa nazo baba zetu, za jamaa ya Brownie ambayo Kodak waliitoa mwaka 1900 kwa dola moja, hazikuweza kazi hii; kitu kikiwa karibu kuliko hatua mbili tatu kilitoka kama kimefunikwa na moshi. Ili lenzi ione karibu, ni lazima iondolewe mbali na filamu. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kwa milimita 25, mdudu hutoka juu ya filamu kwa nusu ya ukubwa wake. Ikisogezwa kwa milimita 50, hutoka sawasawa na alivyo. Ndiyo kazi ya zile pete tupu zisizo na kioo ndani yake, ziwekwazo kati ya kamera na lenzi. Lakini kila kitu kina bei. Katika ukubwa huo filamu hupata robo tu ya mwanga. Na hata tundu likifungwa kufikia namba 8, unene wa kitu kinachotoka wazi wafikia milimita moja tu. Jicho la nzi likiwa wazi, bawa lake ni ukungu. Mkono ukitetemeka kidogo, hakuna kilicho wazi.

Kwa hiyo kamera na iwekwe juu ya miguu mitatu au mfuko wa maharagwe, na mpiga picha aende mapema, umande ungali juu ya majani, maana wadudu wakiwa na baridi hawaruki, wala upepo haujaanza. Karatasi nyeupe ikishikwa upande wa kivuli hurudisha mwanga bila gharama yoyote. Mwenye simu naye hakuachwa nyuma. Kioo kidogo cha kukuzia, cha namna itumiwayo na mafundi wa saa, kikiwekwa juu ya lenzi ya simu hufanya kazi ambayo pete za bei kubwa zilifanya zamani. Hata tone moja la maji safi juu ya lenzi hukuza, ingawa yataka mkono mtulivu, na simu isiyoingiza maji. Simu nyingi za siku hizi zina jambo la kuchekesha zaidi: lenzi yake iwezayo kukaribia kitu kwa sentimita chache ndiyo ile ile lenzi pana iliyoandikwa 0.5. Mwenye simu hiyo anazo lenzi zote mbili katika tundu moja, naye huenda hajui.

Vitu vya kupigwa havina mwisho. Maua meupe ya mibuni katika nchi ya Kimilili hufunguka baada ya mvua na kukaa siku chache tu. Katika hindi changa kila uzi wa ndevu zake huongoza kwenye punje moja, na chavua ikikosa kuufikia uzi huo, punje ile haitakuwapo. Mkulima aliyeona jambo hili kwa karibu hufahamu mara moja kwa nini wataalamu wa mbegu huzifunga ndevu na mbelewele katika mifuko ya karatasi, kama walivyofanya wale wa Kitale ambao mbegu yao chotara H611 ilitolewa mwaka 1964. Na Kitale yenyewe ina urithi wa watu wa namna hii. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, wadudu wengine na vitabu tangu utoto wake hata kufa kwake mwaka 1966, alianzisha nyumba ya makumbusho mwaka 1926, na mali yake hiyo aliiacha kwa taifa. Kutokana nayo likapatikana Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974. Yeye alichoma wadudu kwa sindano. Mwenye kamera huwaacha waende zao, na huu ni ustaarabu zaidi. Karibu na mji iko pia Hifadhi ya Saiwa, iliyotangazwa mwaka huo huo wa 1974, yenye kilomita za mraba kama 3 tu, ambamo watu hutembea kwa miguu na kupanda vichanja vya miti ili wamwone nzohe katika matete. Wengi hulalamika kwamba nzohe hakutokea. Wangaliinama kidogo, matete yenyewe yana kereng'ende na buibui wa kumtosha mtu asubuhi nzima.

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni mambo ya watu wenye nafasi. Yafaa akumbuke mwaka 2017. Mwezi wa Machi mwaka huo iligunduliwa katika magharibi ya Kenya, Trans Nzoia na Bungoma zikiwamo, ya kwamba kiwavi mgeni ameingia katika mahindi. Alikuwa kiwavijeshi vamizi, mwenyeji wa Amerika, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Nondo wake aweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja akichukuliwa na upepo, na kila fungu la mayai yake huwa na mayai 100 hadi 200. Wakulima walikuwa wamezoea adui wawili: funza wa mabua, atoboaye bua, na kiwavijeshi wa siku zote, ajaye kwa makundi makubwa na kisha kutoweka. Huyu wa tatu hakuwa kama wao. Hujificha ndani ya moyo wa mmea, hula usiku, huziba mlango kwa kinyesi kama unga wa mbao, na akishakuwa mkubwa dawa inyunyizwayo juu ya majani haimfikii. Aliyemdhania kuwa mwingine alipoteza dawa, na fedha, na siku zile chache ambazo kiwavi angali mdogo.

Basi mkulima alifanya nini? Alipiga picha kwa simu, akaipeleka kwa bwana shamba. Mazungumzo ya namna hii yamefanyika katika ofisi nyingi:

"Bwana shamba, mdudu mwenyewe ni huyu."

"Mzee wangu, hapa naona majani mabichi na kidole chako."

"Yuko hapo nyuma ya kidole."

"Nakuamini, Mzee, lakini sijui ni yupi. Rudi ukanipigie nyingine."

Na shamba liko mbali, na jua linakwenda. Katika jambo hili kujua kupiga picha ya karibu kulikuwa na thamani ya magunia. Kiwavi huyu ana alama mbili. Kichwani ana mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa; lakini alama hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa baadhi ya jamaa zake nao wanayo. Ya pili ndiyo ya kuaminiwa: kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Alama moja iko kichwani, nyingine karibu na mkia, na kiwavi mkubwa ana urefu wa sentimita tatu au nne. Mpiga picha akimpiga kutoka mbele, kichwa kitakuwa wazi na mkia utapotea katika ule ukungu uliokwisha elezwa. Yapasa amweke juu ya jani au karatasi, kisha aishike kamera juu yake sawasawa na mgongo, ili kichwa na mkia viwe katika umbali mmoja. Sarafu ya shilingi au rula ikiwekwa kando, bwana shamba atajua ukubwa bila kuuliza.

Hata hivyo picha hiyo, ikiwa nzuri namna gani, ni nusu ya habari. Kiwavi mmoja mzuri aliyejaa karatasi nzima humtia mtu hofu, akanyunyizia dawa ekari tano kwa ajili ya mimea kumi. Kinyume chake, picha pana ya shamba lote, mahindi yakiwa yamesimama kijani, humfanya mtu alale usingizi wakati mioyo ya mimea inaliwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifundisha wakulima watembee shambani kwa mfano wa herufi W, wasimame mahali patano, na kila mahali watazame mimea 10 hadi 20. Mwenye simu anayesimama mahali hapo patano anaweza kupiga picha mbili kila pahali: moja ya karibu, ndani ya moyo wa mmea, na moja pana, akielekea upande ule ule. Picha kumi hizo zikikaa pamoja, bwana shamba aona mdudu ni nani, na pia aona kama yuko pembeni tu karibu na shamba la jirani au ameenea kote. Kadhalika majani ya manjano: picha ya karibu huonyesha kama umanjano umeanzia ncha ya jani na kushuka katikati kwa mfano wa V, jambo ambalo ni njaa ya naitrojeni, picha pana huonyesha kama mimea hiyo imefuata mteremko ambako mvua imechukua udongo. Mwaka 2018 shirika hilo pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani walitoa programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo hutazama jani kwa kamera na kusema kama limeharibiwa na kiwavi huyo, hata mahali pasipo na mtandao. Ni msaada mkubwa. Lakini nayo haioni kitu kikiwa nyuma ya kidole.

Wako wakulima wanaofanya jambo jingine jepesi lenye faida, nalo ni kupiga picha pana moja kila mwezi wakiwa wamesimama pale pale, mathalani kando ya nguzo fulani ya ua, saa ile ile. Picha moja haisemi mengi. Picha za miaka miwili huonyesha korongo likikua, mti uliokatwa na jirani, na mwezi hasa ambao mahindi ya bondeni yalianza kubaki nyuma ya yale ya juu.

Na wale waliokwisha kuzizoea lenzi zote mbili hufikia hatimaye picha moja ambayo ni ngumu kuliko zote, yaani kukipiga kitu kidogo kwa karibu kabisa kwa lenzi pana, ili kiwe kikubwa mbele na nchi yake yote ionekane nyuma. Mwenye simu huigeuza juu chini, ili lenzi yake ishuke karibu na udongo, kisha huisogeza mpaka iko sentimita tano kutoka jani. Kivuli cha simu chenyewe ni adui hapo, basi jua liwe ubavuni. Katika picha ya namna hiyo kiwavi yuko mbele juu ya jani lililotobolewa, madoa yake manne yakihesabika. Nyuma yake mistari ya mahindi yaenda, mingine mizima, mingine imeliwa. Nyuma ya mahindi ni paa la nyumba yenye watoto wanaongojea mavuno hayo. Na mwisho kabisa, kwa kimo kisichozidi kile cha punje ya mahindi, ni Elgon. Hiyo hupigwa kabla ya saa tatu asubuhi, mawingu hayajaja.